Nilikataza Bunduki, Nikaruhusu Basi

Likizo ya Juni iliyopita nilikaa siku tisa Kwai, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike. Wanaoijua milima ya Usambara wanajua Juni ilivyo huku. Ukungu unashuka alasiri, na jua likizama hakuna anayebaki nje isipokuwa mwenye dharura. Watu hukusanyika jikoni, chai inachemka, viazi vinafukiwa majivuni, na siku hizi katikati ya duara hilo kuna simujanja. Simu ni ya mama, lakini jioni inakuwa ya mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Haangalii katuni. Anaangalia video za watu wanaocheza gemu. Yeye hachezi, anawatazama wengine wakicheza huku wakizungumza, wakicheka na kubishana. Msomaji wa rika langu anaweza kuliona jambo hili la ajabu, kwamba mtu aache kucheza akamtazame mwenzake akicheza. Lakini sisi tuliokua tumesimama nyuma ya wazee wakicheza bao, kila mtazamaji akijiona anajua kete inayofuata kuliko mchezaji, hatuna sababu ya kushangaa.

Jioni ya kwanza mdogo wangu aliniletea simu. Akasema, "Kaka, wewe ndiye msomi wetu. Hebu niangalizie hizi video, zinamfaa mtoto au hazimfai? Za Kiingereza sizielewi, na za Kiswahili zinakwenda mbio mno, mimi niko na sufuria."

Niliifanya kazi hiyo kama msahihishaji wa mitihani. Video ya kwanza ilikuwa ya gemu la kivita: kundi la wachezaji wanaangushwa kisiwani, wanawindana kwa bunduki hadi abaki mmoja. Nikakataza. Ya pili ilikuwa ya gemu la kuendesha mabasi. Wale wanaofuatilia mambo haya wanajua kwamba vijana wa Kitanzania wamekuwa wakichora mabasi ya gemu hizi kwa rangi za mabasi yetu ya mikoani, na msimuliaji wa video hii alikuwa mmoja wao: Kiswahili safi, ucheshi mwingi, basi limepambwa, barabara ya lami inapanda milima. Hakukuwa na bunduki, wala damu, wala mtu aliyevaa vibaya. Nikaruhusu, tena kwa fahari kidogo, kwamba kijana wetu naye ametengeneza kitu. Nikarudi kwenye viazi.

Siku ya tatu mtoto aliniuliza, "Mjomba, baba naye huwa anayapita magari kwenye kona?"

Baba yake, shemeji yangu, ni dereva wa Fuso. Hupakia kabichi na karoti mchana, akaondoka Kwai jioni, akashuka kupitia Lushoto na Soni hadi Mombo, kisha akashika barabara kuu kuiwahi alfajiri ya masoko ya Dar es Salaam. Aliyepita barabara ya Soni kwenda Mombo hahitaji maelezo yangu. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na kona zimefuatana kiasi kwamba utingo mgeni hutapika kabla ya kufika bondeni. Na mkoa wa Tanga hauhitaji kuelezwa ajali ni nini. Februari 2023, pale Magila Gendi wilayani Korogwe, lori liligongana usiku na Coaster iliyokuwa imebeba jeneza na waombolezaji wakielekea Moshi. Walikufa watu zaidi ya 15.

Nilichukua simu, nikairudia ile video niliyoipitisha. Safari hii niliisikiliza. Katika dakika kumi na moja, kijana yule alilipita gari la mbele kwenye kona mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa kutazama mara moja. Madereva wanaopunguza mwendo aliwaita majina ya dhihaka. Basi lilipopinduka alicheka hadi akakohoa, akabonyeza kitufe, basi likasimama upya na abiria wote wakiwa hai. Katikati ya safari aliegesha basi kando ya barabara, akafungua kitu kingine kwenye kioo: mchezo mmoja wa kubahatisha wenye kindege kinachopaa huku namba ikikua, na mchezaji anatakiwa atoe fedha zake kabla kindege hakijapotea. Alieleza alivyoshinda, akataja namba ya ofa ya kuingilia kwenye kampuni husika, kisha akarudi kwenye basi kana kwamba alikuwa ameshuka kununua maji.

Nilimuuliza mpwa wangu kama anaikumbuka ile namba. Aliitaja yote bila kutazama. Jedwali la saba bado linamsumbua.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mdogo wangu nililijibu vibaya, na kosa halikuwa la haraka tu. Nilipima picha. Nilihesabu bunduki, nikahesabu damu, nikahesabu nguo. Kitu ambacho mtoto alikuwa anakipokea kila jioni, yaani sauti ya mtu mzima kidogo kuliko yeye, anayempenda, anayemfundisha lipi ni la kuchekwa na lipi ni la kuonewa fahari, hicho sikukipima kabisa.

Nikairudia na ile ya bunduki. Mchezaji wake alizungumza Kiingereza. Alikuwa mtu mpole, akimwelekeza mwenzake asiye mzoefu, akimwambia asubiri, asikimbilie, na alipomponza mwenzake aliomba radhi. Sisemi kwamba mtoto wa miaka kumi aachiwe atazame watu wakiwindana kila jioni. Bado ningeikataza, na sababu zangu ni zile zile. Ninachosema ni kwamba kati ya video zile mbili, moja nilikuwa nimeikataa kwa jina la gemu na nyingine nimeikubali kwa jina la gemu, na katika zote mbili jina la gemu lilikuwa limenieleza nusu ya habari.

Kosa langu si langu peke yangu, maana mifumo mikubwa ya dunia imejengwa hivyo hivyo. Mwaka 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu gemu za ukatili, Mortal Kombat ikiwa mfano mkuu, na mwaka uliofuata tasnia yenyewe ikaunda chombo cha kupima gemu kwa umri, ESRB. Ulaya ilifuata mwaka 2003 kwa mfumo wa PEGI. Mifumo hii ina manufaa. Mzazi akiona kwamba Minecraft imepewa 7 na Grand Theft Auto V imepewa 18, amepata taarifa ya kweli. Lakini kinachopimwa ni gemu kama ilivyotoka kiwandani. Wapimaji wa Marekani wenyewe walikuwa waungwana kiasi cha kuweka tahadhari kwamba yale yatokanayo na mawasiliano ya wachezaji mtandaoni hawakuyapima. Video ya gemu ni hayo hayo yasiyopimwa, tena ndiyo yamekuwa kitu kizima. Mtu anaweza kutukana saa nzima juu ya Minecraft, na mwingine anaweza kuingia kwenye Grand Theft Auto V akaendesha gari kwa kufuata taa za barabarani huku akisimulia historia ya mji wake. Namba 7 na 18 hazitabadilika kwa sababu ya mmoja wao.

Jambo hili sisi Waswahili tulipaswa kulijua kabla ya wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa nikirudi likizo kutoka chuoni, kibanda umiza kilikuwa kimejaa watu kwa sababu ya sauti. Filamu yenyewe ilikuwa ya Hong Kong au ya India na wengi walikwisha kuiona. Waliyemfuata ni mtafsiri. Lufufu alikuwa na wafuasi wake kama mchezaji mpira. Kenya walikuwa na DJ Afro, Uganda wakawa na VJ Jingo na wenzake. Mtafsiri aliweza kumgeuza jambazi wa filamu kuwa mtu wa kuhurumiwa, aliweza kuingiza mzaha juu ya wakwe na mishahara, aliweza kumwonya kijana kuhusu Ukimwi katikati ya mapigano. Picha ilikuwa moja na filamu zilikuwa mbili. Hakuna mzazi wa enzi ile aliyeuliza jina la filamu peke yake. Aliuliza, "Ametafsiri nani?" Swali hilo tumelisahau mara tu kibanda kilipohamia mfukoni.

Na katika milima hii hii kuna kisa cha zamani zaidi ambacho huwa nawapa wanafunzi wangu. Kusini mwa Usambara, pale Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa makoloni ya Uingereza ya eneo hili. Ulisimamiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na walioufanya kazi ni kina L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu 35 hivi, juu ya minyoo ya safura, kilimo, kodi, benki ya akiba ya posta. Sauti waliirekodi kando kwenye santuri, ili picha ile ile iweze kusemewa lugha tofauti kila ilikokwenda. Yaani miaka tisini iliyopita, mlima wa pili kutoka Kwai, kulikuwa na watu waliokwisha kuelewa kwamba picha ni kitu kimoja na msemaji wake ni kitu kingine.

Lakini kisa cha Vugiri kina upande wa pili, nao ndio unaonitia hofu kila ninaposikia mtu anasema "hii haifai". Nyuma ya mradi ule kulikuwa na dhana, iliyoenea sana kati ya watawala na wamisionari wa wakati huo, kwamba Mwafrika mtu mzima akitazama sinema ni kama mtoto: hawezi kutenganisha mchezo na ukweli, ataiga ujambazi, atapoteza heshima kwa wakubwa. Kwa dhana hiyo, filamu iliyomfaa karani wa Kizungu haikumfaa mwalimu wa Kiafrika. Wapimaji walikuwa wachache, walikaa mbali na watazamaji, na walijua jibu kabla ya kutazama. Kwa hiyo tunapozungumzia kupima kinachofaa, tukumbuke kwamba kazi hiyo imewahi kufanywa juu ya migongo ya babu zetu. Mtoto ni mtoto kweli, na babu zetu hawakuwa watoto. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo tabia ya mpimaji wa mbali haijabadilika sana.

Tazama sheria zetu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo ndiyo iliyoipa uhai Bodi ya Filamu, ilitungwa wakati filamu ilikuwa na mlango. Kulikuwa na ukumbi, tiketi, na mtu aliyesimama getini. Bodi ikisema filamu hii ni ya watu wazima, yupo wa kumrudisha mtoto. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 nayo, pale inapokataza mtoto kuruhusiwa kuingia baa na disko, inafikiri kwa mlango. Nazikubali sheria zote mbili. Ila jikoni kwa mdogo wangu hakuna geti, na simu inapowashwa hakuna anayeuliza umri.

Tuseme ukweli kuhusu umri huo. YouTube inataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi katika nchi nyingi. Akaunti iliyo kwenye simu ya Kwai ni ya mdogo wangu. Kwa hesabu za mtandao, mtazamaji wa mabasi na bunduki kila jioni ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayetafuta bei ya mbolea asubuhi na kuonekana amependa sana magari kuanzia saa kumi na mbili jioni. Programu inayochagua video inayofuata inamletea mwanamke huyo kile kinachomfaa mtu mzima, matangazo ya kubahatisha yakiwemo. Australia ilianza kutekeleza Desemba 2025 sheria inayowazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao kadhaa, YouTube ikiwa mmojawapo. Nimeulizwa darasani kama nasi tuige. Jibu langu ni kwamba sheria ya namna hiyo inamgusa mtoto mwenye akaunti yake. Mtoto wa Kwai hana akaunti, ana mama.

Zipo pia fedha, na bila kuzielewa fedha hatutaelewa kwa nini video za gemu ziko kama zilivyo. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa sababu ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Tangu Januari 2020 kila mtengeneza video anatakiwa kutamka kama video yake imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Akitamka ndiyo, matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake yanaondolewa, maoni yanafungwa, na mapato yanashuka. Sasa mfikirie kijana wa Tanga au Mwanza anayesimulia gemu la mabasi. Anajua vizuri kabisa kwamba watazamaji wake wengi ni wanafunzi wa shule za msingi. Sauti zao anazisikia wakimsalimu mitaani. Lakini hana sababu hata moja ya kifedha ya kulisema hilo. Akinyamaza analipwa kidogo, na kampuni ya kubahatisha ikimfuata kwa ofa atalipwa zaidi. Siwezi kumchukia kijana huyo. Ningekuwa na miaka ishirini na mbili, shahada mkononi na kazi hakuna, sijui ningekataa nini.

Hapa lugha yetu inastahili sifa. Kiingereza kinatumia neno moja kwa gemu ya mtoto na kwa kamari ya mtu mzima, hata bodi yetu inayosimamia kamari ina jina la Kiingereza ambalo mgeni angeweza kudhani ni la gemu za watoto. Kiswahili kimetenganisha: kuna mchezo, na kuna mchezo wa kubahatisha. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003, inaweka mpaka kwenye miaka 18. Mpaka upo, umeandikwa, hauna utata. Kindege kile kiliuruka kwa sekunde tisini, ndani ya video ya basi.

Na kwa nini hakuna aliyekiona? Kwa sababu video ile ina wenyewe watatu na haina mwenyewe. Picha jongevu ni za Bodi ya Filamu. Maudhui ya mtandaoni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kubahatisha ni kwa bodi nyingine, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, ambako pia kuna hamu ya kodi. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaijua hali hii kuliko mimi: barua inazunguka ofisi tatu, kila ofisi inaandika pembeni kwamba suala hili linahusu wenzetu.

Najua kishawishi kitakachofuata. Atatokea mtu mwenye cheo aseme kila anayetengeneza video za gemu akate leseni. Tulikwisha kupita njia hiyo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata waandishi wadogo wa mtandaoni walipe ada ambazo kwa pamoja zilizidi shilingi 2,000,000. Wengine wakafunga, wengine wakanyamaza, na video za hovyo kutoka nje ziliendelea kuingia bila leseni ya mtu. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini funzo ni lile lile: leseni inamfikia kijana wa hapa anayezungumza Kiswahili na kumwacha wa mbali asiyefikika. Tukifanya hivyo tena, tutakuwa tumemnyamazisha msimuliaji pekee ambaye mpwa wangu angeweza kukutana naye siku moja na kumuuliza swali.

Turudi jikoni. Shemeji alirudi kutoka Dar es Salaam siku ya nne, akalala hadi jioni. Alipoamka nilimpa simu nikamweleza mwanawe ameuliza nini. Sikuongeza neno. Alimweka mtoto pembeni yake, wakaianza video mwanzo.

Kwenye kona ya kwanza basi lilipolipita lori, shemeji akasema, "Hapo tumekufa." Akaacha video iendelee. "Hapo tena tumekufa." Baada ya dakika tatu mtoto ndiye aliyekuwa akisema, akiiwahi kona: "Baba, hapa tunakufa!" Walikufa mara tisa. Mara moja shemeji alimsimamisha mtoto na kurudisha nyuma; basi lilikuwa linateremka mlima mrefu. "Huyu kijana si mjinga," akasema. "Ameshuka na gia ndogo. Wengi wanashuka na breki mpaka zinanuka." Akamweleza mtoto kwa nini, kwa mkono, akionyesha tairi kwa kifuniko cha sufuria. Mimi sikuwahi kuliona jambo hilo la gia, na hata ningeliona nisingejua kwamba ni jema.

Kindege kilipotokea alinyamaza. Utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa, anaacha posho yake humo kila wiki. Akasema taratibu, "Hii hapana. Basi tutalitazama wote nikiwepo. Hii hapana."

Nimefundisha vyuo vikuu kwa miaka kumi na minne na sijawahi kusikia tathmini bora kuliko hiyo. Haikukataa video nzima wala haikuipitisha nzima. Ilitenganisha upumbavu unaoweza kuchekwa pamoja, ustadi unaostahili kufundishwa, na wizi. Ilifanywa na mtu anayeijua kazi inayoonyeshwa, akiwa amekaa na anayeonyeshwa. Hakuna namba ya umri ingeweza kuyafanya hayo matatu.

Najua pia kwamba shemeji yuko nyumbani usiku mitatu kwa wiki, akibahatika. Usiku mwingine mtoto yuko na simu na mama yuko na sufuria. Ndiyo maana sikubali jibu rahisi linalopendwa mikutanoni, kwamba malezi ni ya wazazi, tumemaliza. Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya hatari za kimwili na za kimaadili, na ni haki. Lakini mzazi hawezi kulinda dhidi ya kitu kilichofichwa makusudi katikati ya kitu kingine. Mdogo wangu angetazama dakika mbili za mwanzo na mbili za mwisho, kama anavyoonja mchuzi, na asingekikuta kile kindege.

Kwa mabasi na kona, nimemwachia shemeji, na kwa siku asizokuwepo tumekubaliana na dada mkubwa wa mtoto, aliye kidato cha tatu, kwamba video haitazamwi kwa visikizi vya masikioni. Sauti isikike jikoni kote. Hilo tu. Mama akisikia kitu asichokielewa, anauliza. Na mtoto, kwa kulazimika kueleza, anajikuta anajibu maswali ambayo peke yake asingejiuliza. Wiki ya kwanza alinung'unika. Sasa naambiwa bibi ndiye anayeuliza kama yule kijana wa mabasi ameleta nyingine.

Kwa kindege, nimeandika barua. Sikuomba video ifungwe wala kijana akamatwe. Nimeeleza kwamba kampuni ya kubahatisha, tofauti na msimuliaji, ina leseni, ina ofisi, inalipa kodi na inajulikana ilipo, na kwamba kila namba ya ofa inaiambia kampuni hiyo ni nani aliyeitangaza na ni wangapi walioingia kupitia kwake. Kwa maana hiyo kampuni inajua matangazo yake yamewekwa kwenye video za gemu zinazotazamwa na watoto, au inaweza kujua mchana mmoja ikitaka. Nimeomba wajibu uwekwe kwa anayelipa: atakayekutwa namba yake imetajwa ndani ya video ya gemu ajibu kwa leseni yake. Nakala zimekwenda kwenye ofisi zote tatu kwa siku moja, kila moja ikionyesha kwamba wengine wawili wamepata. Ile namba ya ofa nimeiambatisha, kama alivyoitaja mtoto.